Siku Bondeni Walipofunga Koki

Siku ya kwanza kazini nilifika na mtoto mgongoni na hasira kifuani, na vyote viwili nilivibeba kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Fundi Mkuu wa mradi wetu wa maji, Mzee Mhina, alikuwa amechuchumaa kando ya tanki anafunga bomba kwa kipande cha mpira.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mama Salma uliyemtolea maneno Mhandisi?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Shika hii."

Akanipa spana ya T. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mtaizoea haraka: ni chuma kirefu chenye mkono juu, unakishusha kwenye chemba, yaani lile shimo la zege lenye mfuniko, ukazungusha valvu, kile kifungio cha bomba kilicho chini, bila kuingia shimoni. Ilikuwa inanifika kifuani. Nilimhamisha Salma upande, nikaizungusha, na sauti ya maji yakipita chini ya miguu yangu ikanifanya nicheke peke yangu kama chizi. Sijaona kazi nyingine ya kusisimua hivyo, na nimefanya kazi kadhaa.

Hayo maneno ya Mhandisi yalianza hivi. Kijiji chetu kiko mbele ya Tongoni, ukitoka Tanga mjini kwenda Pangani. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Makorora, niliolewa huku nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne. Kuna mtaa wa Bondeni, ambako ndiko kwangu, na kuna Mlimani, ambako ipo zahanati. Nilipokwenda kujifungua Salma, nesi aliniuliza kabla hata ya jina: "Umekuja na maji?" Mama mkwe akarudi mbio kuchota ndoo mbili, akazipandisha kichwani moja baada ya nyingine, na mimi uchungu umenibana, nimeshika ukingo wa kitanda. Koki ya ukutani ilikuwepo, inang'aa. Nikauliza kwa nini haitoi. Nesi akasema, "Sistimu, dada. Sistimu."

Kwenye mkutano wa kijiji, Mhandisi wa wilaya alipokuja na kusema tatizo la Mlimani ni la sistimu, watu wakatikisa vichwa kama wameelewa. Nikasimama na mtoto wangu. "Samahani, mimi sikuelewa. Hiyo sistimu ni kitu gani? Iko wapi tuione? Maana kila mtu anaitaja, hakuna anayeishika." Watu wakaguna. Mhandisi akasema ni neno la kitaalamu. Nikamwambia mtaalamu ni yule anayeweza kulieleza. Katibu wa jumuiya ya watumia maji, mtu wa kukasirika polepole, akanijibu, "Kama unajua sana, nafasi ya mhudumu wa valvu iko wazi. Njoo uifanye." Alidhani nitaona haya nikae. Kesho yake nilikuwa mlangoni kwake, akanipa miezi mitatu ya majaribio.

Basi nikaanza kujifunza. Maji yetu yanatoka kisima kirefu, yanavutwa na pampu ya sola, yanapanda kwenye tanki lililojengwa juu ya nguzo. Tanki linajaa mchana jua likiwaka, halafu asubuhi ya pili tunafungulia. Kutoka tanki inashuka laini kuu, inapita Bondeni nyumba kwa nyumba, kisha tawi moja linapanda Mlimani hadi zahanati. Tanki limeizidi koki ya zahanati kwa kimo cha mnazi mmoja tu, na huo mnazi ndio presha yote tuliyokuwa nayo. Presha ni ule uzito wa maji yanayosukuma maji yaliyo mbele yake.

Mzee Mhina hakuwa mtu wa maelezo. Alikuwa Mbondei wa Muheza, amezeeka kwenye pampu za mashamba ya mkonge, na alifundisha kwa maswali. Nilimuuliza kuhusu lile neno wiki ya kwanza.

"Ukifungua hapa," akasema, "nani kule anakosa?"

"Sijui."

"Basi sistimu huijui bado. Siku utakayojua, njoo uniambie."

Niliudhika, lakini lilinikaa. Nikawa nafungua valvu na kukimbia, kukimbia kweli, kanga inanivuka, kwenda kuona koki gani imepungua. Watoto wakaniita Mama Maji.

Mwezi wa pili Mhandisi akarudi. Alisimama kwenye chemba ya tawi la Mlimani, akatusomea barua aliyokuja nayo: Alhamisi atakuja kupima. Kama maji hayafiki zahanati, tawi litafungwa moja kwa moja kwa sababu linapoteza maji bure, na mabomba yatang'olewa yakatumike kwingine. "Sistimu hii haina uwezo wa kufika huko juu," akasema.

Wifi yangu Zaina alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa amepungukiwa damu, nesi ameshamwandika kwenye daftari la wa kuangaliwa kwa karibu. Nilimtazama yule Mhandisi na kalamu yake, nikawaza ndoo mbili, nikawaza mama mkwe ambaye goti lake sasa limevimba. Nani atazipandisha?

Hapo nikafanya kosa ambalo nalisema hapa ili lisirudiwe. Jumatatu asubuhi, Mzee Mhina hajafika, nilifungua valvu kuu yote, mizunguko yote, nikisema maji yatapanda yatake yasitake. Laini tupu ikipokea maji kwa nguvu hivyo, maji yanakimbia kwenye hewa kisha yanapiga kona kama nyundo. Kiungio kilichanika mbele ya ua wa Bi Mwanaidi, matope yakaruka hadi kwenye shuka zake alizoanika.

Bi Mwanaidi ni mwanamke wa makamo, mpika vitumbua, na Bondeni nzima inamsikiliza kwa sababu hakuna anayeweza kumnyamazisha. "Wallahi leo nimeoga bila kupenda!" akapiga kelele. "Njooni mumwone fundi wa kike! Ametuletea maji, kayaleta kitandani!"

Mzee Mhina alikuja, akafunga, akaangalia lile shimo, akaniangalia. "Mama Salma, hasira yako haiongezi presha."

Tulichimba na kuunga hadi Jumanne jioni. Jumatano asubuhi akaniambia nisiguse valvu. "Tembea. Anzia Bondeni, malizia zahanati, laini ikiwa kavu. Tazama tu. Ukirudi, uniambie ulichokiona."

Nikatembea. Ua wa kwanza: koki wazi, chini yake sufuria imegeuzwa juu chini. Ua wa pili: koki wazi, kopo la bati. Wa tatu, hivyo hivyo. Mnajua kwa nini. Wote tulifanya hivyo. Maji yana siku zake za kuchelewa, basi unaacha koki wazi na kitu cha bati chini yake, maji yakija kinalia, unakimbia na ndoo. Bondeni nzima koki zilikuwa wazi, saa zote. Nilipofika kwangu nikasimama. Koki wazi, sufuria ya ubwabwa chini yake, na nilikuwa nimeiweka mimi, kwa mkono wangu, jana.

Niliona! Tunapofunga valvu, maji yaliyobaki kwenye laini yote yanamwagika kwa koki za chini, na hewa inaingia kwa koki za juu. Asubuhi tunafungulia laini iliyojaa upepo. Maji yakija, kila koki ya Bondeni inanywa kwanza, nyumba baada ya nyumba, na presha ya mnazi mmoja inaisha kabla ya kuanza mlima. Kule juu inabaki hewa, na koki ya zahanati imefungwa, haina pa kutokea, imeziba njia kama kizibo. Bomba halikuwa bovu. Pampu haikuwa dhaifu. Nilimkimbilia Mzee Mhina nikimpigia kelele tangu mbali: "Nimejua nani anakosa! Na najua nani anamkosesha! Ni mimi! Ni sisi sote, Mzee!"

Akavua kofia, akaipangusa. "Enhe. Sasa nenda kawaambie."

Kuwaambia ndiko kulikuwa na kazi. Jioni ile niliwakusanya wanawake uani kwa Bi Mwanaidi, maana nilijua akikataa yeye nimekwisha. Nikawaeleza: kesho asubuhi kila koki ya Bondeni ifungwe, ya zahanati peke yake iwe wazi. Tutafungulia polepole, hewa itatokea juu, laini itajaa, ndipo Bondeni wafungue.

"Yaani mimi nifunge koki yangu," akasema Bi Mwanaidi, "nikae na unga mkavu, ili huko juu nesi aoge?"

"Ili nesi anawe mikono kabla hajamshika Zaina. Mimi nilijifungua kwa maji ya ndoo, Bi Mwanaidi. Unataka na yeye?"

"Usinitie Zaina mdomoni. Nani kasema simpendi Zaina? Nasema tukifunga, mtatusahau. Mlimani wakishapata, nani anakumbuka Bondeni?"

Wanawake wakaitikia, naam, kweli. Na alikuwa na haki. Nisingemwamini hata mimi mtu aliyenimwagia matope Jumatatu.

"Basi panda wewe," nikamwambia.

"Nini?"

"Panda zahanati kesho, kaa kwenye koki. Simu yako mkononi. Amri ya kufungua Bondeni utaitoa wewe, si mimi, si Mhandisi."

Akamgeukia jirani yake. "Nani ana kiti cha kunikopesha? Sitakaa chini kama mwanafunzi."

Alhamisi nilipita nyumba kwa nyumba, nikigusa kila koki kwa mkono. Mhandisi alifika mapema, akapanda moja kwa moja zahanati, akamkuta Bi Mwanaidi kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya koki iliyofunguliwa. Kwenye tanki tulikuwa mimi na Mzee Mhina. Nikashusha spana. "Mizunguko mitatu," akasema. "Usiongeze." Nikazungusha mitatu. Tukangoja. Salma mgongoni anavuta sikio langu. "Miwili." Nikaongeza. Simu yangu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga na spika imewashwa.

"Haitoi kitu," sauti ya Bi Mwanaidi. "Hebu ngoja. Inapumua."

"Inapumuaje?"

"Inapumua kama mtu! Fuuuu! Nimeweka mkono, upepo unatoka, tena wa baridi!"

Mzee Mhina akanyoosha vidole viwili. Nikazungusha miwili.

"Sasa inakohoa! Inakohoa, inatema! Mama Salma, inatema kutu! Mhandisi, sogea, shati lako hilo!" Kisha kelele ambazo sikuelewa, nesi anapiga vigelegele, mlango unabamizwa, na Bi Mwanaidi kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ya chini kabisa: "Yanakuja. Meupe. Jamani yanakuja."

"Nifungulie Bondeni?"

"Subiri ndoo ijae, tusidanganyane." Tukasubiri ndoo ijae. Ndipo akaamrisha, "Fungueni!", na mtaa mzima wa Bondeni ukalia mabati.

Tulipopanda, Mhandisi alikuwa amelowa hadi kiunoni, anaandika. Akauliza tumebadilisha nini kwenye sistimu.

"Hatujabadilisha bomba hata moja," nikasema. "Tumefunga koki."

Akaacha kuandika. Nitampa haki yake: alieleza, safari hii vizuri. Akasema sistimu ni vitu vingi vinavyofanya kazi moja na kila kimoja kinategemea kingine, kisima, pampu, tanki, bomba, na mkono unaofungua koki. Kwamba katika michoro yake ule mkono haukuwemo.

Bi Mwanaidi akainuka kwenye kiti chake. "Kumbe sistimu ni mimi! Miaka yote mnafanya mikutano ya sistimu, na sistimu mwenyewe yuko kwake anakaanga vitumbua, hamkumwita!"

Tawi halikung'olewa. Zaina alijifungua mwezi uliofuata, akatoka damu nyingi, nesi akahangaika naye tangu adhuhuri hadi alasiri, na koki ile haikufungwa muda wote huo. Wote wawili wazima. Sitaongeza neno hapo, maana nikiongeza nitalia na bado nina hasira.

Nilishika spana miaka minne. Mwaka huu jumuiya imeajiri kijana mwenye cheti cha chuo, na Katibu akaniita akaniambia nikabidhi vifaa. Cheti ni kizuri, sikatai. Lakini niliambiwa kwa dakika tano, nimesimama, na hakuna aliyeniuliza ninachokijua. Nilikabidhi spana, funguo za chemba na daftari la zamu, nikaenda zangu. Hao ndio waliofaa kuambiwa hasira haiongezi presha, lakini Mzee Mhina amerudi kwao Muheza.

Kwenu mnaoanza nasema hivi. Mtu akikutajia sistimu huku anafunga mjadala, mfungue tena. Muulize inaanzia wapi, inaishia kwa nani, na yeye yuko upande gani. Halafu utembee laini kwa miguu yako, ikiwa kavu, na uanze na nyumba yako.

Wiki iliyopita simu yangu iliita asubuhi, nasonga ugali. Yule kijana wa cheti.

"Shikamoo dada. Samahani. Zahanati hawana maji tangu jana. Nimekagua pampu, nimekagua tanki, kila kitu kizima. Nadhani ni sistimu."

"Usinitajie sistimu. Niambie koki ya nani iko wazi."

Nilisikia hatua zake kwenye changarawe, anatembea, simu bado iko hewani. Nikaepua sufuria nisikie vizuri. Hatua zikasimama, akagonga mlango wa mtu.

"Hodi," akasema.