Mkono wa Ndani ya Miwani

Kazi yangu ni kuwapangia watu mambo watakayoyaona na kuyagusa wakivaa miwani ya kompyuta, ile inayofunika macho yote na kukutia katika chumba kisichokuwapo. Nikiulizwa Malindi nafanya kazi gani, husema kazi ya kompyuta, na watu huniletea simu zao zilizopasuka vioo. Nimeshazoea. Mji huu ndiko nilikozaliwa, lakini chumba cha kazi nimekipanga Kilifi, kwa sababu huko umeme haukatiki sana, au hukatika kwa adabu.

Mwaka juzi kliniki moja ya mazoezi ya viungo, hapo Malindi, iliniomba mchezo wa wagonjwa wa kiharusi. Mtaalamu wao alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye haraka. Alinieleza kwamba mkono uliopooza usipotumiwa husahau kazi yake, na mgonjwa huzoea kufanya kila kitu kwa ule mzima. Alitaka kitu cha kumfanya mtu autumie ule mbovu bila kulazimishwa. Nikasema hilo jepesi. Mimi ndivyo nilivyo, husema jepesi kwanza, halafu huenda kulia peke yangu.

Aliyenitoa jasho ni bibi mmoja wa mji wa kale, ambaye miaka yake yote alipika mahamri na mbaazi za kuuza. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono ukabaki. Binti yake, aliyekuwa akimleta, aliniita pembeni akanieleza kinachomkera mama yake hasa. Kwao wanawake wote hula sinia moja, na bibi hakukubali kutia mkono wa kushoto katika sinia la watu. Kijiko nacho alikikataa. Tangu atoke hospitali alikuwa akila peke yake chumbani, mlango umerudishwa, binti yake akimlisha. Alichokitaka duniani ni kurudi kwenye sinia, na hakumficha mtu.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa chini ya bahari. Samaki wa rangi wanapita, wewe unawagusa, wanang'aa. Niliwaonea fahari samaki wale; nilikwenda Kuruwitu kupiga mbizi ili matumbawe niyachore sawasawa. Bibi alivaa miwani juu ya mtandio, akawagusa samaki wote kwa mkono wa kushoto, akauliza kama kuna lingine. Siku ya pili nikaufunga mkono wa kushoto katika programu, usiguse kitu. Akanishauri miwani niipeleke kwa fundi.

Ndipo nikayakumbuka maneno ya binti yake, nikawatupa samaki. Nikatengeneza sebule: zulia, dele la kahawa, vikombe vidogo vimeshajazwa, na mgeni wa kike aliyejitanda leso, ameketi mbele yako. Kazi yako ni moja, mpe mgeni kahawa. Binti alipoonyeshwa alicheka, akasema mgeni njoo mwenyeji apone.

Hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa pwani tu ndiye angelifanya. Nilimlea yule mgeni vizuri mno. Sisi huku, mtu akikupa kitu kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia una unga au una maradhi, huomba radhi, nawe humjibu haidhuru, ukapokea upesi asione haya. Basi nami nikamfundisha mgeni wangu vivyo hivyo: ukija mkono wa kushoto, apokee, aseme haidhuru. Bibi akagawa vikombe vyote kwa kushoto, kila kikombe akiomba radhi, na kila kikombe mgeni akimsamehe, huku mkono wa kulia umelala pajani kama paka. Mtaalamu alinitazama. Adabu yangu ndiyo iliyoharibu dawa.

Nikamnyang'anya mgeni adabu. Safari iliyofuata alikaa tu, anatabasamu, cha kushoto hapokei wala hasemi kitu. Bibi akanyoosha kushoto, akangoja, akaurudisha. Kisha tukaona bega la kulia linapanda. Mkono ukaondoka pajani, ukasogea upana wa vidole viwili hivi, ukaanguka. Akamwambia mgeni kwa sauti ndogo, "Ningoje, mama."

Niliona uchungu, nasema kweli. Na kwa uchungu ule nikafanya jambo ambalo wenye kazi yangu hulifanya kila siku, na wala haliitwi uongo. Niliiambia programu ikuze mwendo wake: mkono wake ukisogea kidogo, mkono wa ndani ya miwani usogee sana. Mtaalamu alikubali, akasema humtia mgonjwa moyo, ila lazima aambiwe. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Kikombe kikafika, mgeni akapokea, bibi akasema alhamdulillahi, akalia humo humo ndani ya miwani mpaka ikanibidi kufuta vioo.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Yaliyofuata niliyasikia kwa binti yake. Ijumaa baada ya sala, wali ulipopakuliwa, bibi alitoka chumbani mwenyewe, akaketi kwenye sinia na wenziwe. Alisema bismillahi, akanyoosha mkono wa kulia, na mkono ukaishia kwenye mkeka, sinia hakuligusa. Akajaribu tena. Wajukuu wakaacha kutafuna. Akawaomba radhi, akainuliwa, akarudi chumbani, na siku ile hakula.

Jumatatu alikuja, nami sikumtarajia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Miwani hakuitaka. Mtaalamu alikuwa chumba cha pili na mgonjwa mwingine, tukabaki sisi na binti yake.

"Ule mkono wa ndani," akaniuliza, "ni wangu au ni wako?"

Maneno ya kitaalamu ya kujibu swali hilo yapo mengi, na siku ile yote yalikuwa tayari mdomoni.

"Ni wangu, bibi," nikasema. "Nisamehe."

Aliutazama mkono wake pajani, akaugeuza kwa ule wa pili, kiganja juu.

"Uondoe. Nipe wangu, hata ukiwa mbovu."

Niliuondoa pale pale, akiona. Ni tarakimu moja tu ya kubadilisha, haikuchukua hata dakika. Akavaa miwani. Kikombe cha kwanza kilimponyoka kabla hajakiinua. Cha pili kikamwagika kwenye zulia, na cha tatu, mpaka vikaisha vyote, na mgeni ameketi pale mikono mitupu. Mtaalamu alipoingia akachungulia kioo cha kompyuta yangu, akasema kwa leo yatosha, mama amechoka.

Bibi hakuvua miwani.

"Jaza tena," akaniambia.

Nikajaza.