Jiwe la Chumba cha Kushonea

Chumba changu cha kushonea kilikuwa na jiwe ndani. Hapa kwetu Ilemela si ajabu. Mume wangu alipokuwa akijenga hapa mlimani alichoka kuchimba, akaliacha jiwe limetokeza kwenye kona, kimo cha goti, akapiga sakafu kulizunguka. Nilishona miaka tisa nikilikwepa. Meza ya kukatia haikukaa ukutani hata siku moja.

Mwaka jana niliamua kukifanya chumba upya. Nilitaka paa la juu zaidi, dirisha pana, rafu za vitambaa, na meza ndefu ya kuunganishia mablanketi ya vipande ninayoshona kwa mabaki ya vitenge. Fundi alipoezua mabati alilitazama jiwe akacheka.

"Mama, hili tulifunike kwa zege, liwe kabenchi."

"Jiwe linatoka."

"Nani atalitoa?"

"Mimi. Mama yangu alitusomesha kwa kugonga kokoto."

Jiwe la kwetu huliparamii kwa nyundo tu. Unalichoma kwanza, kisha unalimwagia maji lipasuke. Nilipanga magogo juu yake asubuhi, chumba kikiwa wazi hakina paa, nikayawasha, nikakaa mlangoni nikilitazama linavyoungua. Nililichukia kama mtu anavyomchukia mtu. Siku moja, ndani ya chumba hicho, mume wangu aliniuliza kwa nini nilikawia kumfungulia mlango, na kabla sijajibu alinipiga ngumi ya mdomo, meno mawili yakatoka. Niliangukia cherehani. Jiwe sikuligusa hata kwa kisigino.

Mama mkwe, aliyekuwa sebuleni, ndiye aliyefika wa kwanza. Alitazama damu, akalitazama jiwe, akasema, "Pole, mwanangu. Hili jiwe litakuja kukuua." Basi ikawa jiwe. Hospitalini ilikuwa jiwe, kanisani jiwe, na mimi mwenyewe nilisema jiwe kwa mdomo uliovimba. Nilijiambia kwamba siku litakapoondoka nitausema ukweli, na watu wataniamini, kwa kuwa hakutakuwa na kitu kingine cha kusingizia.

Mchana sikuweza kusubiri zaidi. Mama yangu alikuwa akituonya tuondoe makaa yote kwanza, tusimame mbali, ndipo tumwage maji. Mimi nilimwaga ndoo nzima juu ya moto nikiwa nimesimama hapo hapo. Jiwe lililipuka. Kipande kilinichana juu ya jicho, kingine kikanipiga muundi, nikapiga magoti kwenye majivu ya moto. Fundi alikuja mbio akitaka kunitoa. Nilimtukana. Nilifunga jicho kwa kipande cha kitenge, nikachukua nyundo kubwa na kulishukia lile jiwe kwenye nyufa. Nilipiga mpaka mikono ikatoka malengelenge na malengelenge yakapasuka. Kila lilipomeguka nilipiga kelele kama mwehu, na sitaona haya kusema kwamba nilifurahi.

Siku ya tatu mume wangu alirudi kutoka Sengerema. Alisimama mlangoni akaona shimo.

"Umenibomolea nyumba yangu?"

Aliinua mkono. Nami nilikuwa na nyundo. Aliitazama, akaushusha mkono, akaenda kuoga. Kama angenigusa ningemvunja kichwa, na yeye alilijua hilo.

Chumba kilipokwisha kupakwa rangi, wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja kujaribu sare za harusi, mama mkwe akiwa kati yao. Walikisifia chumba. Mmoja akauliza, "Na lile jiwe lililokuangusha?"

"Halikuniangusha," nikasema. "Mama, ni mwanao aliyenivunja meno."

Nilisubiri wakatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa makofi. Mama mkwe hakushtuka. Aliendelea kujiangalia kwenye kioo, gauni lake jipya likiwa mwilini.

"Tunajua, mwanangu. Tulijua siku ile ile. Tulikuwa tunakusitiri."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, kwa upole kabisa.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona tena. Nilichukua mkasi wa kukatia, nikashika pindo la gauni lake mgongoni, nikakata kuelekea juu, kupita kiunoni mpaka shingoni, ubapa wa mkasi ukipita juu ya shumizi yake. Gauni liliachana vipande viwili. Nikafungua mlango nikawaambia watoke.

Walimzunguka haraka, kila mmoja akimvika khanga yake, wakateremka naye mlimani wamemfunika kila upande. Siku ile ya meno nilitoka kwenye mlango huo huo, damu ikinitiririka kifuani, nikashuka peke yangu mpaka barabarani. Baadhi yao walikuwa wamesimama uani. Hakuna aliyevua khanga.