Bisi za Shamba la Kogo

Najisifu, na sitaomba radhi. Bisi ninazopika mimi, kwa sufuria ya kawaida juu ya jiko la gesi, hazina mshindani kuanzia hapa hadi Sotik mjini. Naanza na mafuta kidogo na punje chache za kujaribu. Zikishapasuka namimina nyingine, nafunika, na tangu hapo mkono haupumziki: natikisa sufuria hadi mlio upungue. Chumvi naisaga kwanza kwa chupa iwe laini, la sivyo yote inabaki chini ya bakuli. Mwisho ni samli ya ng'ombe wetu, ikiwa bado ya moto. Basi. Anayetaka sukari na rangi akanunue dukani.

Nilipoolewa huku kwenye majani chai, mama mkwe alinipa kipande cha shamba kando ya zizi. Namwita Kogo, yaani nyanya, kama watoto wangu wanavyomwita. Nikapanda mahindi ya bisi, mbegu za kutoka soko la Chebunyo. Siku ya kuvuna Kogo alishika hindi moja, akaligeuza, akaweka mkono kiunoni.

“Hii ni mahindi ama ni mchezo? Hata kuku itacheka.”

“Ni ya popkoni, Kogo.”

“Popkoni ni hewa. Nani alikula hewa akashiba?”

Akatoa masharti papo hapo. Akina mama wa kanisa wangekuja kwetu baada ya mavuno, na mimi ningewapikia hiyo hewa yangu. Wakiipenda, kipande kinabaki changu. Wakiiacha kwenye bakuli, anapanda chai, na chai ikishapandwa huku hakuna anayeing'oa. Nikakubali haraka, mdomo wangu ukitangulia kama kawaida. Lakini moyoni niliogopa. Kile ndicho kitu pekee katika boma lile nilichoweza kukiita changu.

Pamoja na dharau zake, Kogo ndiye aliyeyatunza mahindi yale. Kwake mahindi kuoza ni aibu ya ukoo mzima, na mvua zetu hazina adabu, kwa hiyo kila hindi hupandishwa darini juu ya moto wa kuni na kukaa huko hadi likauke kabisa. Yangu nayo akayapandisha, akawa anayageuza kwa mkono wake mwenyewe. “Kwa boma yangu hakuna mahindi inaoza,” alisema, “hata ya kuchezea.”

Jumatano kabla ya wageni nikapika za kujaribu. Sufuria ilinyamaza. Punje ziliungua zikiwa nzima, na chache zilizopasuka zilitoa kitu cheupe kidogo kama jino la mtoto. Kogo alichungulia, akaondoka. Nilikasirika hata nikataka kulia.

Nikauma punje moja isiyopikwa. Ikavunjika ikawa vumbi, na hapo nikaelewa. Kinachopasua bisi ni unyevu ulio ndani ya punje, unaogeuka mvuke na kuvunja ganda. Kogo alikuwa ameyakausha vizuri kupita kiasi. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

“Mahindi ikauke sana? Hakuna kitu kama hiyo.”

Nikamimina punje kwenye mtungi, nikanyunyiza maji kijiko kimoja, nikafunga kabisa. Kila nikipita nautikisa. Kila nikiutikisa, Kogo anaguna. Kazi yake ya miezi, nami nairudishia maji mbele ya macho yake!

Jumapili sebule ilijaa. Kogo aliwaacha wageni akaja kusimama nyuma yangu jikoni. Nikaweka mafuta, nikatupa punje chache. Kimya. Halafu moja ikalia, ya pili ikafuata, na nilipomimina zilizobaki kulikuwa na kishindo hadi kifuniko kikainuka. Mimi nilipiga kelele. Kogo alirudi nyuma, kisha akanyakua kitambaa akakishikilia kifuniko, akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Bakuli lilirudi tupu, likajazwa, likarudi tupu tena. Mgeni mmoja akauliza tumenunua wapi. Kabla sijafungua mdomo, Kogo alikuwa amesimama.

“Nunua? Hii ni ya shamba ya hapa. Huyu ndiye alipanda. Na hiyo mahindi haitaki kukauka sana, lazima iwekewe maji kidogo. Kwani nyinyi hamjui?”

Nikauma mdomo nisicheke. Nilijaa fahari, nikarudi jikoni kujaza bakuli tena.

Asubuhi yake nikasikia panga. Kogo alikuwa akifyeka majani yake ya nepia yaliyopakana na kipande changu, yale ambayo hakuwahi kumruhusu mtu kuyagusa.

“Kogo, sasa ng'ombe itakula nini?”

“Itatafutiwa kwingine,” alisema bila kuinua kichwa. “Wewe panda mpaka hapo kwa fensi.”