Sinema ya Masikioni

Niseme mapema tusipotezeane muda: muziki ule ni mbaya. Wako watakaokuambia sikuuelewa, kwamba mwanamke wa kijijini Nyanungu aliyezoea ng'ombe na mahindi atajulia wapi muziki wa kompyuta. Waambie nimeusikiliza mara nyingi kuliko wao, na si kwa kupenda. Hauna ngoma, hauna mwimbaji, hauna mahali pa kuanzia wala pa kumalizia. Unavuma tu kama friji bovu, kisha kwa mbali unasikia kama bati linakwaruzwa, kisha unavuma tena. Aliyeutengeneza anauita sinema ya masikioni. Anasema ameutoa kwenye filamu. Mimi nimeishi na filamu miaka mingi, nilikuwa na banda la video, na sijawahi kuona filamu inayofanana na ule ugonjwa.

Banda lilikuwa langu, la mabati, na mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Kaka yangu alikaa ndani na maiki. Filamu zilikuwa za Kichina, za Kihindi na za Kizungu, na hakuna kati yetu aliyeelewa neno, kwa hiyo kazi ya kaka ilikuwa kuzungumza juu yake ili watu wafuate. Sisemi kutafsiri, maana Kichina hakujua hata salamu. Aliangalia midomo na ngumi akajua mwenyewe wanachosema. Kwa Kiswahili kidogo na Kikurya kingi alitueleza kwamba huyu mwenye ndevu ameiba ng'ombe wa yule mwenye upanga. Kila filamu ilikuwa ya ng'ombe. Wachina wakiruka juu ya mapaa, walikuwa wanafuata nyayo za ng'ombe. Msichana wa Kihindi akilia kwenye mvua, ni baba yake aliyekataa mahari kwa sababu ndama mmoja anachechemea. Wazee waliokuwa wanadharau video wakaanza kuja na fimbo zao, wakakaa mstari wa mbele, wakawa wanamgombeza mwizi kwenye skrini. Jirani yetu mmoja alienda kuishi Sirari, akaona filamu moja kwa maneno yake halisi, akarudi kutuambia kwamba haina ng'ombe hata mmoja. Tulimwonea huruma.

Watu wengine wa kazi kama ya kaka walirekodi sauti zao wakauza CD. Yeye alikataa kabisa. Alisema sauti ikishaingia kwenye CD watu watabaki majumbani mwao na sisi tutafunga banda. Simu yake yenyewe ilikuwa kitochi, isiyorekodi kitu. Basi alipougua tumbo na kufariki, picha zake tulibaki nazo, sauti hatukuwa nayo. Mke wake, wifi yangu, aliachwa na mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Wifi si mtu wa kuombaomba. Jambo moja tu alilitaka, na hakulificha: mtoto huyu akipata akili, amsikie baba yake akizungumza. Picha haitoshi, alisema, picha hata ya mtu usiyemjua unaweza kuitundika ukutani.

Na sauti ile ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye mashine ya kijana mmoja wa Dar es Salaam.

Huyo kijana alikuja kwetu wakati kaka yuko hai. Alikuwa amefikia kwenye kambi moja ya watalii upande wa Natta, na mpishi wa kambi ndiye aliyemwambia habari za banda letu. Alikuwa amekaa Ulaya, akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi na maiki iliyovalishwa manyoya. Alirekodi karibu wiki nzima. Alikaa kwenye kona ya banda amefumba macho, huku filamu inaendelea mbele yake. Nikamuuliza kwa nini anafumba macho ndani ya banda la video. Akasema hivyo ndivyo anavyoona vizuri zaidi. Mgeni hagombezwi, lakini moyoni nilisema huyu wazazi wake wamepata hasara. Kaka yeye alimpenda. Kaka alimpenda kila mtu aliyekaa hadi mwisho wa filamu.

Mtoto alikuwa ameshaanza kuwasumbua kuku kwa fimbo kijana aliponipigia simu. Nilimweleza msiba, akatoa pole ndefu. Kisha akasema muziki wake, sinema ya masikioni, umekamilika, utachezwa kwa wageni pale kambini, na kaka yumo. Wifi alikuwa pembeni yangu. Akaniambia nimuulize vizuri. Nikamuuliza, yumo kweli? Akasema, "Yumo sana, dada. Yeye ndiye moyo wa albamu nzima."

Wifi hakulala vizuri tangu siku ile. Alimshonea mtoto gauni jipya, akamfundisha namna ya kukaa kimya, akamweleza kwamba wanakwenda kumsikia baba. Tulikodi Noah. Wazee wawili wa mstari wa mbele walidai kuja, wakasema wao ndio waliomjua marehemu kikazi, na ilikuwa kweli.

Kambini tulikuta wageni wamelala chali kwenye mito, Wazungu na watu wa mjini wa kwetu, macho yamefumbwa, saa kumi ya jioni, watu wazima. Mbele kulikuwa na kitambaa kikubwa cheupe kimefungwa kati ya miti miwili. Sisi tukakaa kwa heshima kukiangalia. Baadaye tuliambiwa kile kitambaa kilikuwa cha kukinga upepo, lakini wewe ungeona kitambaa cheupe kimetandazwa hivyo na umeambiwa habari za sinema, ungekaa umekipa mgongo?

Muziki ukaanza kuvuma. Picha haikuja. Tukangoja. Sasa, kwenye banda letu kulikuwa na desturi: picha ikipotea na sauti ikabaki, watu wanapiga miguu chini mpaka nije kutengeneza waya. Hakuna matusi, hakuna mluzi, miguu tu. Ndiyo adabu. Mzee wa kwanza akaanza taratibu kwa kisigino. Wa pili akasaidia kwa fimbo. Wageni wakafumbua macho. Mwanamke mmoja mwenye miwani akatabasamu, akainuka, akaanza naye kupiga miguu, akifuata mzee. Wakainuka wengine. Kufumba na kufumbua kambi nzima inapiga miguu, na yule kijana amesimama mbele anatupiga video kwa simu, machozi yanamlengalenga, anadhani tumeuletea muziki wake ngoma ya asili. Mzee akanigeukia akaniuliza kama huku umeme huwa unakatika mara kwa mara.

Wifi hakupiga mguu. Alimshika mtoto mapajani, ametega sikio, na kila bati lilipokwaruzwa alijiinua kidogo kwenye kiti. Nilikuwa namwangalia yeye, sikuangalia kitambaa. Muziki ulivuma, ukavuma, ukaisha. Watu wakapiga makofi. Sauti ya kaka sikuisikia hata herufi moja.

Wifi akanipa mtoto, akamfuata kijana.

"Samahani, mdogo wangu. Mume wangu yuko wapi?"

"Yumo, dada. Yumo mwanzo mpaka mwisho."

"Sikumsikia."

Kijana akafurahi kuulizwa, ndicho kilichoniudhi zaidi. Akaeleza kwamba maneno yanamfunga msikilizaji, kwamba yeye alitaka roho ya sinema na si hadithi. Akafungua kompyuta, akatafuta, akabonyeza. Tukasikia mtu akivuta pumzi. Basi. Kaka kabla ya kusema alikuwa anavuta pumzi kubwa kwa mdomo, karibu sana na maiki, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kijana alikata ile pumzi, akaivuta ikawa ndefu, akaipanga moja juu ya nyingine. "Ule upepo wote mliousikia," alisema, "ni yeye."

"Na alichosema baada ya kuvuta pumzi?"

"Hicho nilikitoa."

"Ukakiweka wapi?"

Kijana aliangalia kompyuta yake, kisha akaangalia viatu. Akasema mafaili yalikuwa mazito, alihitaji nafasi, alifuta.

Nimeona ng'ombe wengi wakichinjwa. Sijaona mtu anayechinja, anatupa nyama yote, anabakiza kwato, kisha anaalika majirani waje kwenye karamu. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia na mengine ambayo mama yake hakumwambia alipokuwa mdogo. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe hawamo?" Nikamwambia hawamo, mzee, hakuna kitu humo. Na yule kijana, badala ya kuona haya, anatikisa kichwa kwa upole, kama vile hasira yangu nayo angeweza kuirekodi.

"Wifi, acha," wifi yangu akasema. Akamgeukia kijana, akamwomba amwekee muziki ule kwenye flashi. Alimwomba. Akaipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo unavuma nyumbani kwetu. Wifi anaupiga kwenye sabufa jioni wakati wa kupukuchua mahindi, mtoto ameketi karibu na spika, na pumzi zikija anamwambia, huyo, huyo ni baba. Nimemwambia autupe chooni. Anasema kidogo si haba. Nikamjibu kwamba hilo husemwa na mtu aliyepewa kidogo, si aliyepewa upepo. Nikiingia tu anapunguza sauti, kwa heshima, na hilo linanikera kuliko kama angeiongeza.

Juzi majirani walikuja kutusaidia mahindi, na mmoja wao, mama mwenye kupenda kuchokoza watoto, akamwita mtoto wetu. Akamwambia, "Wewe, hukumjua baba yako. Haya, baba yako alikuwa anazungumzaje?"

Mtoto akasimama katikati yetu. Akavuta pumzi kubwa mpaka mabega yakafika masikioni, mdomo wazi, macho yanameremeta, na sote, na mimi pia, tukaacha mahindi tukamngoja. Akakaa hivyo. Kisha akaishusha, akarudi kwenye magunzi yake.

Watu walicheka. Nikamwambia, "Haya sema basi, mama, malizia."

Akanitazama kwa kushangaa. "Shangazi," akasema, "inaishia hapo."