Shahidi wa Mazoezi

Mimi nilifundisha shule ya msingi hapo Kaaga mpaka nikastaafu, kwa hivyo mtu akinisimamisha mbele ya watu sitetemeki. Wakili wangu, binti wa umri wa wajukuu zangu, aliponipigia simu nilicheka.

"Mwalimu, kuna mafunzo Embu. Mawakili wa haki za binadamu tunajifunza kuhoji mashahidi. Njoo uwe shahidi wetu wa mazoezi."

"Nifanye maigizo na uzee huu?"

"Si maigizo, ni kesi yako. Wenzangu wakiisikia ndipo tutajua kama itasimama kortini."

Kicheko kikaniisha. Kitinda mimba wangu alikuwa akinunua miraa mjini Maua na kuipakia kwenye pikapu za Nairobi. Siku moja polisi walimkamata kwa ugomvi wa sokoni, akaingia seli kwa miguu yake mwenyewe. Kesho yake tukaambiwa amefariki, ati aliugua ghafla. Kijana ambaye hata mafua hayakumjua! Tangu hapo nimetaka kitu kimoja tu: aliyemuua asimame mbele ya jaji.

Basi nikaenda. Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli katika mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe utadhani kuna harusi. Mkufunzi, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alikaa mahali pa jaji. Wakili wangu akaniongoza vizuri, nikaeleza yote, na nikaona wengine wakipangusa macho. Nikajiambia, hawa nimewapata.

Halafu akasimama kijana aliyepewa kazi ya kuwa wakili wa polisi. Mpole huyo, sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Pole sana kwa msiba, mama. Umesema alipigwa. Ulimwona akipigwa?"

"Sikuona."

"Uliona majeraha?"

"Shemeji yangu aliyaona mochari. Aliniambia mgongo wote..."

"Shemeji yuko wapi leo?"

"Alishafariki naye."

"Basi tumwache apumzike. Wewe mwenyewe, mama, uliona nini?"

"Ala! Wewe umelelewa wapi? Nakwambia mtoto wangu ameuawa!"

Mkufunzi aliniomba, taratibu, nijibu swali. Nikajibu kwamba sikuona kitu.

"Na daktari alisema nini baada ya kuupasua mwili?"

Kwetu ni wanaume walioenda mochari. Mimi niliachwa nyumbani na akina mama wa kanisa, tunaimba. Wanaume wa ukoo wakakubaliana huko huko kwamba asipasuliwe. Ameteseka ya kutosha, azikwe mzima. Baba yake akatia sahihi kuwa familia haina shida. Wakamvisha suti, wakaleta jeneza limeshafungwa, na nilipoomba lifunguliwe wakaniambia nitaumia bure. Walifanya kwa upendo, hilo najua. Na bado nina hasira nao mpaka leo.

"Hakupasuliwa," nikasema. "Hatukutaka akatwe."

Yule kijana alikaa chini bila kumaliza maswali yake. Ukumbi mzima hakuna aliyepiga makofi, ingawa mawakili waliofanya zoezi kabla yake wote walikuwa wamepigiwa.

Wakati wa chai wakili wangu alinifuata kwenye korido. "Mwalimu, hivi tulivyo, kesi hatuna. Lakini tunaweza kuomba amri ya korti afukuliwe, daktari aiangalie mifupa. Iliyovunjika bado itaonekana. Ila familia ikipinga, itakuwa ngumu sana."

Jameni, kufukua! Kaburi liko pale nyuma ya jikoni, karibu na migomba, napita hapo kila nikienda kukata nyasi za ng'ombe. Nikampigia baba yake simu. Akasema ng'o, akasema nataka kumzika mara mbili, kisha akalia na hakukata simu. Nami nililia hapo hapo, kikombe mkononi, mawakili wakipita wakiangalia viatu vyao.

Tulibishana naye majuma mengi. Alikubali siku moja akiwa anakamua, bila kunigeukia.

Amri ya korti ilipotoka, watu walikuja na majembe, na daktari akashauri mama akae ndani. Shemeji zangu waliobaki wakanishika mkono. Nikawaambia niacheni, safari hii hapana. Nikasimama ukingoni mpaka wakafungua. Daktari akanyoosha kidole: mbavu za kushoto, moja baada ya nyingine, na nyuma ya kichwa.

Kesi sasa iko Meru, tunangoja kuitwa. Wakiniuliza kama niliona, nitasema niliona. Lakini usiku na mchana nikifumba macho nimtafute mwanangu, ni yule wa kwenye shimo anayekuja.