Ini Lenye Madoa

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini ini nalijua. Baba yangu alikuwa mfugaji huko Singida, na kwake mnyama akichinjwa hakuna anayekula kabla ini halijatazamwa.

Mjukuu wangu, ninayekaa naye hapa Barking, London, anafanya kazi maabara. Wanapima maini na mafuta ya wanyama wa nchi za barafu, waone kama sumu za viwanda zimewaingia. Wanaowaletea ni wawindaji wa huko, Wainuiti, pamoja na maelezo yao: huyu alikonda, huyu ini lilikuwa na madoa. Mwaka jana mwindaji mmoja, mwanamke wa rika langu, alikuja London wasome majibu pamoja. Mjukuu akamleta kwetu kula.

Nilinunua ini la mbuzi. Nilipoliosha, nikaona vidoa vyeupe. Baba angelitupa lote. Mimi nikatazama saa, mgeni yuko njiani, nikavikata vile vidoa nikatupa, nikazidisha ndimu na pilipili.

Mgeni alikula kipande kimoja. Cha pili alikigeuza, akakibonyeza kwa kidole gumba, akapaona palipopita kisu. Akauliza taratibu kwa Kiingereza, mjukuu akanitafsiria: je, kuna kitu nilikiona humo?

Nikasema sikuona kitu. Tena nikaongeza kwamba mla nyama za barafuni atajua nini habari za mbuzi.

Hilo mjukuu hakulitafsiri. Alimwambia mgeni tu kwamba bibi yake amekulia kwenye mifugo, hawezi kukosea. Mgeni akainamisha macho, akaendelea na wali mtupu. Na mjukuu wangu, kunitetea, akajipakulia ini tele.

Alipopeleka kijiko mdomoni nikamshika mkono.

"Acha. Madoa niliyaona. Nimesema uongo."

Yeye ambaye kila siku hunichanganyia Kiingereza, siku hiyo alinijibu Kiswahili kitupu. "Bibi, na mimi nimemwambia hukosei."

"Basi mwambie sasa."

Akamwambia. Mgeni hakunicheka wala hakunikemea. Aliomba kuviona vile nilivyotupa. Nikainamia ndoo ya taka, umri huu, nikavichokoa kwenye maganda ya vitunguu, nikamwekea kwenye kisahani. Akavipanga, akasogeza kiti chake karibu na changu, akauliza kwetu ugonjwa huo tunauitaje.

Jina nalijua tangu utoto. Safari hii nikalisema.