Theluji Kiganjani

Kila Januari, kabla klabu yake haijamwita kusini kwa mazoezi ya msimu, mrushaji mmoja wa besiboli huja kujinoa kwenye ghala la nyasi kavu la Orest, ambaye ni mdakaji wake, wa kumpokelea mipira, tangu shuleni. Harushi mpira ulio baridi. Kwanza huufukia kwapani kama kuku aatamiaye, akitafuna mbegu za alizeti na kuwajulia hali ng'ombe. Akirusha, glavu ya Orest hulia "paa!", ng'ombe huinua vichwa, na Orest huivua apulize kiganja kilichoiva. Hapo mrushaji huenda mlangoni, akachota theluji, akamwekea.

"Pole, mzee wangu. Si ustaafu tu?"

"Tangulia wewe."

Miaka kumi na tisa, ni hivyo hivyo.

Mwaka huu mpira wa kwanza ulikuja, ng'ombe wakaendelea kula. Wa pili, vilevile. Orest akavua glavu, akapuliza kiganja.

"Bado unaunguza, shetani wewe."

Mrushaji akakitazama kile kiganja, hakina hata alama. Akaenda mlangoni, akachota theluji, akamwekea, akamfumba vidole kimoja kimoja, na safari hii hakuuachia ule mkono mpaka theluji yote ilipoyeyuka.